Maiki ipo mdomoni, sauti yatoka kisimani

SWALI

Assalaam alaykum, fundi. Nafundisha Kiswahili kwa mtandao nikiwa nyumbani Raskazone, hapa hapa Tanga. Wanafunzi wangu wengi ni Wajerumani. Laptopu yangu ni ya mtumba, ina Windows 10, na pembeni ina matundu mawili ya sauti. Mwezi uliopita nilinunua hedseti ya waya yenye pini moja, ile ya kimkono cha maiki kinachokuja mdomoni. Mimi nawasikia wanafunzi vizuri kabisa. Wao wanasema nasikika mbali kama niliyetumbukia kisimani, na nikiandika kitu kwenye kibodi wanasikia ko-ko-ko kuliko maneno. Mmoja kaniambia anawafahamu kuku wangu kuliko anavyonifahamu mimi. Nikaazima hedseti ya Bluetooth ya mdogo wangu. Sasa wananisikia afadhali, lakini sauti zao kwangu zimekuwa nyembamba kama redio iliyokwisha betri. Darasa likiisha nikiweka taarabu, inapiga safi. Fundi mmoja ameniambia kadi ya sauti imekufa, abadilishe ubao mzima. Nimpe kazi?

JIBU

Waalaikum salaam, dada yangu. Usimpe, angalau si leo. Kadi ya sauti iliyokufa isingekuletea sauti za wanafunzi masikioni, na wewe umesema unawasikia vizuri. Tena umenirahisishia kazi kwa kutaja kisima, kibodi na kuku, maana vyote vitatu vinaelekeza mahali pamoja. Maiki inayosikika darasani siyo hiyo iliyo mdomoni mwako. Ni ile ndogo ya laptopu yenyewe, kitundu cha kuingia ncha ya sindano, ambacho mara nyingi hukaa karibu na kamera na katika laptopu nyingine karibu na vitufe. Kutoka kinywani mwako ipo umbali wa mkono mzima, lakini na kibodi ni majirani, ndiyo maana vidole vyako vinasikika kama punda anayepita kwenye lami. Na kwa kuwa imetengenezwa isikie chumba kizima, inaokota ukuta, pangaboi na kuku, ndipo ikufikie wewe.

Usiniamini kwa maneno tu. Weka kishale kwenye alama ya spika pale chini kulia, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, fungua mipangilio ya sauti. Shuka mpaka palipoandikwa Input. Hapo kuna mstari unaojaa na kupungua kadiri maiki inavyosikia. Sasa nyamaza kimya. Chukua ukucha ukwaruze taratibu sifongo la maiki ya hedseti. Kisha ukwaruze pembeni mwa kamera, halafu pembezoni mwa kibodi. Pale mstari unaporuka ndipo sauti yako inapoingilia. Kwako sitashangaa ukilala doro kwenye hedseti na kuruka kwenye kamera.

Watu wengi hujaribu maiki kwa kusema "aloo, aloo", wakaona mstari unacheza, wakaridhika. Jaribio hilo halikupi jibu, kwa sababu maiki yoyote iliyopo chumbani itasikia aloo yako. Mkwaruzo wa ukucha ni mdogo mno, unasikika na ile inayokwaruzwa tu.

Jaribio la pili ni la kuipima hedseti yenyewe. Tafuta simu yenye tundu la pini, hata ya jirani, chomeka, ujirekodie ujumbe wa sauti wa WhatsApp huku ukikwaruza vilevile. Ukiusikiliza na mkwaruzo ukawa mkubwa, hedseti yako ni nzima na muuzaji hana kosa. Kabla ya hapo kagua waya wake kama una kiswichi cha kuzima maiki. Nalisema hili kwa aibu. Mzee mmoja wa Mabawa aliwahi kuniletea hedseti "iliyokufa maiki", nikaikata waya, nikalehemu pini mpya, nikatoka jasho dakika arobaini, bado kimya. Kijukuu chake alichokuja nacho ndicho kilichosukuma kile kiswichi, ikaanza kuongea. Pesa sikuchukua.

Hedseti ikipita kwenye simu, ichomoe uitazame pini yake kwenye mwanga. Hii ni pini ya milimita 3.5, na utaona imekatwa na vipete vya plastiki, vyeusi au vyeupe. Vihesabu. Vikiwa viwili, chuma kimegawanyika vipande vitatu: ncha ni ya sikio la kushoto, kinachofuata ni cha kulia, na cha shinani ni waya wa pamoja ambao mafundi tunauita ethi. Hapo maiki haina kiti. Vikiwa vitatu, vipande ni vinne, na cha nne ndicho kimebeba maiki. Yako, kwa kuwa ni pini moja yenye masikio na maiki pamoja, lazima ina vipete vitatu.

Tatizo liko upande wa pili. Laptopu yenye matundu mawili ilitengenezwa wakati kila kitu kilikuwa na mlango wake: tundu moja limechorwa hedfoni, la pili limechorwa maiki. Kama yako ina rangi, la kijani ni la masikio na la waridi ni la maiki, mpango uliowekwa na Microsoft na Intel katika mwongozo wao wa kompyuta ulioitwa PC 99. Matundu hayo yanajua pini ya vipande vitatu tu. Ukiingiza ya vinne kwenye tundu la masikio, kushoto, kulia na ethi vinapata wenyeji wao, unawasikia wanafunzi. Kipande cha maiki kinafika ukweni na hakuna wa kumkaribisha. Laptopu, kwa kuwa haijaona maiki yoyote mpya, inaendelea kutumia yake ya siku zote. Haikuonyi wala hailii. Kila kitu kinaonekana sawa, kasoro kuku.

Ukihamishia pini kwenye tundu la maiki unakuwa umeharibu zaidi. Tundu hilo linategemea maiki kwenye ncha, na ncha ya pini yako ni spika ya sikio la kushoto. Laptopu itajaribu kukusikia kupitia spika, na ajabu ni kwamba itasikia kidogo, maana spika ikipigiwa kelele nayo huzaa umeme hafifu. Nimeona mtu akifanya mkutano mzima hivyo, akiwa amelishika sikio la hedseti mdomoni kama redio ya polisi.

Tena maiki ya hedseti haijiendeshi yenyewe. Ndani yake kuna kipande cha aina ya elektreti, uvumbuzi wa Gerhard Sessler na James West waliofanya kazi maabara ya Bell Labs, Marekani, mwaka 1962. Kinahitaji umeme kidogo, volti chache tu, na umeme huo huletwa na tundu la maiki kupitia waya uleule unaobeba sauti. Tundu la hedfoni halitoi umeme huo.

Kwa hiyo unachotakiwa kununua ni adapta, si ubao. Iombe dukani kwa maumbile yake: upande mmoja tundu moja la kuingiza pini ya hedseti, upande wa pili miguu miwili ya pini, mmoja umechorwa hedfoni na mmoja umechorwa maiki. Hapa ndipo watu wanapopigwa. Kuna nyingine inayofanana nayo kama pacha, lakini ina pini moja na matundu mawili, hiyo ni ya watu wawili kusikiliza simu moja. Muuzaji akikwambia "zote sawa tu, dada", mshukuru ukaangalie duka la pili. Hesabu kabla hujatoa pesa: tundu moja lenye nafasi ya vipete vitatu, miguu miwili yenye vipete viwiliviwili.

Kama matundu ya laptopu yako yamelegea kwa uzee, nunua badala yake kidude cha sauti cha USB, kidogo kama kidole gumba. Hicho ni kadi ya sauti kamili inayojitegemea, na Windows hukitambua chenyewe bila kupakua draiva, yaani programu ya kukiendesha. Angalia tu kama kina matundu mawili au moja. Chenye mawili bado utahitaji ile adapta ya miguu miwili, chenye moja la hedseti huchomeka moja kwa moja. Mimi kwa mtu anayekula kwa sauti yake kama wewe ningependelea hiki, maana siku laptopu ikifa unahama nacho.

Ukishachomeka, kazi bado haijaisha. Laptopu nyingi zinazotumia draiva za Realtek, kampuni ya chipu za sauti, huchomoza kidirisha kinachouliza umechomeka kitu gani. Watu hukifunga kwa haraka kama wanavyofunga matangazo, au wanachagua picha ya hedfoni kwa kuwa ndiyo ya kwanza. Soma. Kwenye tundu la maiki chagua maiki. Na kwa wasomaji wenye laptopu mpya za tundu moja, hapa ndipo ugonjwa wenu ulipo mara nyingi: tundu linakubali vipande vinne, ila nyinyi wenyewe mmeliambia kuwa mmechomeka hedfoni isiyo na maiki.

Halafu rudi kwenye Input uchague maiki mpya, ukwaruze tena. Ikisikika lakini kwa unyonge, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika mmsys.cpl, kisha Enter. Litafunguka dirisha la zamani la sauti. Nenda kwenye orodha ya kurekodia, bofya maiki yako mara mbili, ingia kwenye viwango. Utaona mizani ya kawaida na chini yake, kwa kompyuta nyingi, mizani ya kuongeza nguvu yenye desibeli 10, 20 na 30. Anza na 10. Ukikimbilia 30 utasikika kweli, lakini pamoja na mvumo kama wa bahari ya kusi nyuma ya kila neno.

Mwisho kabisa fungua programu ya kufundishia yenyewe. Zoom na wenzake wana orodha yao ya maiki, na hukumbuka ile ya jana. Unaweza kuwa umepanga Windows vizuri na Zoom bado imeng'ang'ania maiki ya laptopu. Ukifundishia kwenye brauza, bonyeza alama iliyo kando ya anwani ya tovuti uone maiki gani imeruhusiwa. Baada ya hapo mpigie kwanza yule mwanafunzi wa kuku, yeye ndiye kipimo chako.

Sasa hedseti ya mdogo wako. Nayo haina ubovu, na habari zake ni za kumfaa mwalimu wa lugha kuliko mtu mwingine yeyote.

Bluetooth ina njia mbili za kubeba sauti. Ya kwanza ni ya muziki: inakwenda upande mmoja tu, kutoka laptopu kuja masikioni, na ni pana. Ya pili ni ya simu: inakwenda na kurudi, kwa hiyo barabara ileile inagawanywa na kila upande unapata kichochoro. Pale programu inapofungua maiki ya hedseti, hedseti yote inahama kutoka njia ya kwanza kwenda ya pili. Ukifunga darasa na maiki ikafungwa, inarudi. Ndiyo maana taarabu yako ni safi na Wajerumani wako ni redio.

Kichochoro hicho chembamba kiasi gani? Muziki wa CD hupimwa mara 44,100 kwa sekunde. Njia ya simu ya Bluetooth, katika vifaa vya zamani, hupima sauti mara 8,000 tu, na katika vilivyoboreshwa mara 16,000. Kwa kanuni ya kupima sauti, unachoweza kubeba ni nusu ya hapo, yaani mtetemo wa hadi 4,000 kwa sekunde, au 8,000 kwa vile bora. Irabu zetu zinapita humo bila shida. Sasa tamka "sss" peke yake. Nguvu yake kubwa iko juu ya 4,000. "Th" na "f" ni hafifu zaidi, na alama zinazozitofautisha nazo ziko huko juu. Mwambie mwanafunzi arudie "thamani" kwenye kichochoro hicho, halafu "samani". Wewe huku unasikia neno moja mara mbili. Na Mjerumani hana "th" kwao, kwa hiyo hujui kama amekosea yeye au imekosea Bluetooth. Umesema sasa wanakusikia afadhali, lakini nao wanakupata kupitia kichochoro hichohicho.

Kama ni lazima uitumie wakati unasubiri adapta, kuna ujanja: kwenye Zoom chagua hedseti kuwa spika, lakini maiki uchague ya laptopu. Hedseti itabaki kwenye njia ya muziki, utawasikia kwa upana. Wao watakurudisha kisimani, kwa hiyo isogeze laptopu karibu na uache kuandika unaposema. Katika Windows 10 hedseti moja huonekana mara mbili kwenye orodha ya spika, jina moja likiwa na neno Stereo na la pili Hands-Free. Chagua la Stereo. Ila ukilichagua hilo huku maiki ya hedseti iko wazi, unaweza usisikie kitu kabisa, ukadhani imekufa. Haijafa, imehamia njia ya pili na wewe unasubiri kwenye ya kwanza.

Ikikatakata, kumbuka kwamba Bluetooth na waifai ya kawaida zote hutumia masafa ya gigahezi 2.4, zinapishana kwa kusukumana kama baiskeli za Ngamiani jioni. Waifai yako ikiwa na masafa ya 5, hamia huko.

Yamebaki mawili madogo kwa sisi wa pwani. Raskazone upepo unakuja na chumvi, na chumvi hula shaba. Ukiona pini imefifia au ina ukijani, ifute kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Tundu nalo: zima laptopu, viringa pamba nyembamba kwenye kijiti cha meno, ilowe spiriti kidogo bila kudondoka, zungusha, acha ikauke. Usitumie sindano wala pini ya nguo. Humo ndani kuna vibao vyembamba vya chuma vinavyokumbatia pini, ukivipinda ndipo kweli utamhitaji fundi. Na ukiingiza pini, isukume mpaka uisikie imekaa. Pini isiyofika mwisho ina dalili yake ya kipekee: taarabu inasikika, fidla na kanuni zipo, mwimbaji hayupo au yuko mbali chini ya maji. Ethi ikikosa mguso mzuri, masikio mawili huanza kutoana, na kwa kuwa mwimbaji hurekodiwa sawa kushoto na kulia, yeye ndiye anayefutika. Dalili hiyohiyo huja kwa hedseti za simu za zamani, ambazo ethi na maiki zilibadilishana viti. Ukishikilia kitufe cha kwenye waya mwimbaji akarudi, ujue hedseti na laptopu yako hazikuzaliwa pamoja, na hakuna mpangilio wa Windows utakaozipatanisha.

La pili ni mngurumo mzito usiokatika, unaokuwepo laptopu ikiwa kwenye umeme na kunyamaza ukichomoa chaja. Huo si wa hedseti wala wa maiki. Ni umeme wa ukutani unaopenya kupitia chaja, aghalabu zile za bei rahisi au zilizochomekwa bila mguu wa ethi, yaani ule wa waya wa ardhini. Ichaji laptopu ijae kabla ya darasa, ufundishe kwa betri, mpaka upate chaja nyingine.